Plastiki, udongo au kauri? Okidi na maua mengine ya ndani yanataka chungu gani

Okidi ya kwanza wengi wetu tunaiua hivi, na mi nimo. Unainunua imechanua, maua meupe yamejipanga kwenye kijiti kama vipepeo, iko kwenye kikopo cha plastiki kinachoonyesha mpaka ndani, halafu kikopo chenyewe kimezamishwa kwenye chungu cha kauri kinachong'aa. Unafika nyumbani unaona ile plastiki ni kifungashio tu, unaivua (cha ajabu rimoti ya tivii nailoni yake tunaiacha miaka, ya okidi tunaivua siku ileile), unajaza udongo mweusi wa bustanini kwenye kauri, unapanda, unamwagilia. Kauri haina tundu. Wiki ya tatu majani yamelegea kama mchicha uliolala sokoni, we unadhani ni kiu, unaongeza maji. Nilipokuja kuitoa mizizi ilikuwa kahawia, ukiibana inavuja maji unabaki na kauzi kembamba kati ya vidole, na harufu ya mtaro.

Tangu hapo nimejaribu karibu kila kitu kinachoweza kushika mmea. Naishi Dar, ghorofa ya tatu, kibaraza kinatazama mashariki, jua la asubuhi linaingia mpaka kama saa nne hivi. Mama yuko Muheza na yeye ana vyungu vya udongo tupu, plastiki hataki hata kuiona, na okidi zake zinachanua kuliko zangu. Kwa hiyo nikikwambia plastiki ni bora usikimbilie kunikubalia, subiri kwanza.

Kitu cha kujiuliza kabla ya kuangalia rangi na bei ni hiki: nyumbani kwako nani anamwagilia, na mkono wake ukoje? Maana tofauti kubwa ya vyungu vyote hivi ni muda gani vinakaa na unyevu, hayo mengine ni nyongeza. Mama anamwagilia kila jioni, ameshastaafu, ana kikopo chake na anaongea na maua yake. Mi natoka saa kumi na mbili asubuhi narudi usiku, nikikumbuka ni Jumamosi. Yani chungu kinachomfaa yeye kwangu kinaua, na changu kikienda kwake kinaua vilevile ila kwa kuozesha.

Plastiki angavu na chungu cha udongo

Hapa nazungumzia zile okidi za kawaida tunazoziona madukani, Phalaenopsis. Wapenzi wa okidi wa Ulaya wanalikatisha jina wanasema Phal, sisi huku tuliache palepale, utamwambia mgeni karibu kibarazani umwone fala wangu kumbe mumeo ndo kakaa hapo.

Kwao ni misitu ya Asia ya Kusini Mashariki, huko Ufilipino na Indonesia, na haioti ardhini, inashika magome ya miti juu huko. Mvua inaipiga mizizi, upepo unaikausha, mvua tena. Mzizi wake umevaa koti kama sifongo, ukikauka unakuwa wa kijivu kinachong'aa kama fedha, ukimwagia maji unaona unageuka kijani hapohapo mbele ya macho yako. Sasa faida kubwa ya kikopo angavu ndo hiyo, unaona. Huna haja ya kuchomeka kidole wala kuhesabu siku, unainua kikopo: mizizi ya kijani na vitone vya maji ukutani kwa ndani, usimwagie. Yote kijivu na ukuta mkavu, mwagia. Na kwa kuwa mizizi yenyewe ina ukijani wa majani, ule mwanga kidogo inaoupata haupotei bure. Baya lake ni kwamba mwanga huohuo unaotesha utelezi wa kijani kwenye kuta za kikopo, hauui mmea ila unachafua macho.

Chungu cha udongo kisichoonyesha ndani kina akili nyingine kabisa. Waliolelewa na mtungi wa maji ya kunywa watanielewa haraka: kwa nini maji ya mtungi yalikuwa ya baridi? Kwa sababu udongo unavuja kidogokidogo, maji yanatoka jasho kwa nje, jasho likikauka linaondoka na joto. Chungu cha maua ni mtungi uleule. Mizizi inakaa kwenye ubaridi, hewa inapita ukutani, na maji yanaisha haraka. Kile kilichokuwa kinatupoza koo ndo kinachokausha okidi ya mtu asiyekuwepo nyumbani.

Niliwahi kuziweka mbili pamoja, okidi za ukubwa mmoja, mchanganyiko uleule wa mkaa uliopondwa na vipande vya makumbi, moja kwenye plastiki moja kwenye udongo, zote kibaraza kimoja. Kipindi cha kaskazi, Januari ile ya joto, ya udongo siku ya tatu asubuhi ilikuwa kavu kauu, ya plastiki ilienda karibu wiki. Ikaja masika mambo yakapinduka, ya udongo ikawa inakauka kwa siku tano na mizizi imenona, ya plastiki siku ya kumi bado vitone vinateremka ukutani na kule chini mizizi miwili imeshaanza kulainika. Kwa hiyo mtu akikwambia udongo ni bora kuliko plastiki muulize mwezi gani na mji gani. Ndugu yangu yuko Lushoto, kwenye baridi ile hata kikopo kidogo kinakaa wiki mbili na unyevu, huko udongo ndo mkombozi.

Sasa chumvi. Kama maji yenu ni ya kisima, na Dar wengi tunajua ladha yake, chungu cha udongo kitakusimulia ndani ya miezi michache. Ukuta unaota unga mweupe, hasa kwenye ukingo wa juu, ni chumvi iliyobaki maji yalipokauka, na ncha za mizizi zikigusa pale zinaungua zinakuwa nyeusi. Plastiki haina ukuta wa kunywa chumvi ila usidanganyike, chumvi inabaki kwenye makumbi na mkaa, tofauti ni kwamba huioni. Kwenye vyote viwili mi nakinga maji ya mvua kwenye ndoo, na mara moja moja napitisha maji mengi kabisa yatoke chini yabebe chumvi.

Na kuna siku ya kuhamisha. Okidi inahamishwa kila mwaka au miaka miwili kwa sababu magome na makumbi yanaoza yanakuwa kama matope, hewa inakosekana. Kikopo laini cha plastiki unakiminya pembeni hivi, mmea unatoka kama keki kwenye sufuria iliyopakwa mafuta. Kwenye udongo mizizi imejigandisha ukutani kama gundi, mi mara ya kwanza niliingia na kisu cha mezani nikaikwangua, nikapoteza karibu nusu ya mizizi mizima. Mama alinicheka. Yeye anakiloweka chungu chote kwenye beseni, halafu anakigonga na mchi polepole kinapasuka, vigae vilivyogandana na mizizi having'oi, anaviingiza vyote pamoja na mmea kwenye chungu kikubwa zaidi. Chungu kimekufa, mmea hata haujastuka. Ila hesabu ya chungu kipya kila mara hiyo ni yake, mi sina.

Uzito nao. Okidi iliyochanua ina kichwa kizito na mguu mwepesi, kwenye plastiki na mkaa hamna kitu chini, upepo wa kusi ukianza ghorofani unakuta imelala kifudifudi na kijiti cha maua kimevunjika. Hilo lilinitokea Julai na nililia kimoyomoyo. Udongo hauanguki ovyo. Na juani pia udongo unashinda, kikopo cheusi cha plastiki kikipigwa jua la mchana mizizi inachemka humo ndani, angavu nayo inakuwa kama gari lililofungwa vioo.

Kwa hiyo kwa mwenye okidi ya kwanza, anayeishi joto la pwani na hayupo nyumbani mchana, mi namwambia plastiki angavu, yenye matundu mengi chini na pembeni. Kwa mwenye mkono wa maji, au nyumbani kuna dada anayemwagilia kila siku kwa upendo na humwambii kitu akaelewa, udongo wenye matundu pembeni, bila kubishana. Udongo unasamehe maji mengi. Plastiki inasamehe kusahau.

Kauri ni nguo, siyo mwili

Vile vinavyong'aa vimepakwa rangi ya kioo ikachomwa, kwa hiyo vinyweleo vimezibwa, kwa upande wa maji ni plastiki tu yenye uzito na bei. Vingi havina tundu. Mi siku hizi navitumia kama alivyonuia muuzaji, yani kikopo angavu kinakaa ndani ya kauri, chini naweka vigae viwili vitatu kikopo kisigusane na maji yaliyochuja. Siku ya kumwagilia nakitoa, nakipeleka kwenye sinki, namwagia mpaka yashuke, nakiacha kijichuje kama robo saa, nakirudisha. Unapata uzuri wa mezani na afya ya mizizi kwa pamoja.

Lakini hapa pana jambo ambalo watu wa maua hawalisemi. Maji yanayobaki ndani ya kauri au kwenye kisahani ndo nyumba ya Aedes, yule mbu mwenye madoa meupe miguuni anayeuma mchana, wa dengi. Dar tulishaumwa dengi ya kutosha 2014 na tena 2019. Mayai yake anayabandika ukutani juu kidogo ya maji, yanaweza kukaa makavu miezi mingi na ukija kumwagia tena yanaanguliwa, kwa hiyo kumwaga tu haitoshi, sugua kuta na kisahani kila wiki. Kama unajua hutasugua, chagua chungu kisicho na kisahani kabisa ukiweke mahali ambapo maji yakidondoka hayaharibu kitu. Kwangu hiki kigezo kinapita uzuri.

Bila chungu kabisa

Okidi za Vanda, zile zenye mizizi mirefu inayoning'inia kama kamba, ukizitia kwenye chungu kilichojaa unazinyonga. Kikapu cha vijiti vya mbao kitupu au chenye mkaa kidogo, unaning'iniza, basi. Sharti lake ni maji kila siku, kipindi cha kaskazi hata mara mbili, kwa hiyo kwangu imeshindikana, kwa mama zipo chini ya mwembe.

Na kwenye mwembe huohuo kuna okidi ya chui, Ansellia, ya njano yenye madoa ya kahawia, hii ni ya kwetu kabisa Afrika, pwani huku utaikuta kwenye mibuyu. Ukiitazama karibu utaona mizizi mingine haiteremki, imesimama wima kama sindano nyeupe kuzunguka shina, inanasa majani makavu yanayodondoka yanaoza humo humo inakula. Yani imejifinyangia chungu chake. Ya mama ilianguka na tawi wakati wa mvua, akaifunga kwenye mwembe na vipande vya soksi ndefu mpaka ikashika. Usiende kuibandua porini, okidi zote ziko kwenye CITES, mkataba wa kimataifa unaodhibiti biashara ya mimea na wanyama wa porini, na hii inapungua kwa sababu hiyohiyo ya kubanduliwa, kanunue kwa anayeiotesha kwa kugawa.

Kifuu cha nazi ni kizuri kwa mche mdogo, toboa macho yake yote matatu, ila kinaoza, usikitegemee. Na makumbi, kama unayakata mwenyewe, yaloweke na kubadilisha maji mara kadhaa mpaka yatoke meupe. Yale ya Unguja yaliyofukiwa ufukweni kwa ajili ya usumba wa kusokota kamba usiyaguse, yamelala kwenye maji ya bahari miezi, okidi utaikaanga na chumvi.

Maua mengine haraka haraka

Ua dogo la zambarau lenye majani ya manyoya, wengi wanalijua kama African violet, watu wanalinunua kama kitu cha Ulaya kumbe ni la milima ya Usambara na pwani ya Tanga. Mjerumani mmoja, baron Walter von Saint Paul-Illaire, alilikuta huko mwaka 1892 akatuma kwao, ndo likaitwa Saintpaulia. Porini linakaa kwenye nyufa za mawe yenye kivuli, udongo kiduchu, kwa hiyo chungu kirefu linachukia. Kichukue kifupi, upana wake kama theluthi ya upana wa majani yote yalivyotandaa. Hapa plastiki inaushinda udongo wazi kabisa, maana majani yake yanalalia ukingo na ule unga wa chumvi unaozesha vikonyo. Na linakubali utambi: uzi wa nailoni, siyo wa pamba unaoza, unapita kwenye tundu la chini unaingia kwenye kopo la maji lenye kifuniko, unasafiri wiki nzima unalikuta zima.

ZZ (Zamioculcas, ile ya majani mazito yanayong'aa) nayo ni ya pwani ya kwetu, chini ina viazi vinavyotunza maji, kwa hiyo udongo, na mwezi ukipita hujamwagia hamna neno. Usiiweke kwenye plastiki nyembamba, viazi vinanenepa. Yangu kikopo kilivimba pembeni nikadhani kimeyeyuka na jua, siku moja usiku tukasikia pah. Sansevieria ile ya majani kama mapanga ni hivyohivyo, alovera pia udongo. Makangaga (fern) ya majani laini na mimea yote inayolia ikikauka, plastiki. Pothos inayotambaa, weka hata kwenye sado.

Ndiyo, sado la rangi, ukilisafisha vizuri na kulitoboa matundu sita saba chini, ni chungu kamili. Na chupa ya maji ya lita moja na nusu ukiikata kati ni kikopo angavu cha okidi cha bure, matundu unatoboa na msumari uliouwasha moto, fanya nje moshi wake mbaya. Vya saruji vinavyopangwa kando ya barabara ni vizuri kwa mlangoni, ndani ya nyumba hapana, kukihamisha mpaka uite majirani, na kikiwa kipya kina chokaa kali, kiloweke wiki kadhaa ukibadilisha maji kabla hujapanda.

Ukubwa na tundu

Chungu siyo sare ya shule ya kumnunulia mtoto akue nayo. Okidi inapenda kubanwa, kipya kizidi kile cha zamani kwa vidole viwili tu basi. Ukiipa nafasi kubwa, katikati kunabaki unyevu ambao hamna mzizi wa kuunywa, kuoza kunaanzia hapo hata kama chungu ni cha udongo na matundu yapo.

Na ile ya kuweka kokoto chini ati maji yashuke, tuiache. Maji hayatoki kwenye udongo laini kuingia kwenye kokoto mpaka ule udongo ulowe umejaa, kwa hiyo tope linapanda juu tu karibu na mizizi, umepunguza chungu kwa mikono yako. Kinachotakiwa chini ni tundu, na juu ya tundu kipande cha chandarua kilichochakaa ili udongo usitoroke na konokono asiingie. Chungu kisicho na tundu ukikipenda sana kiloweke kwanza, halafu keekee ya ukutani bila kugonga, polepole huku unamwagia maji. Udongo unakubali, kauri jiandae kisaikolojia.

Cha udongo kipya usipande kikavu, kitakunywa maji yote ya mmea siku ya kwanza. Kizamishe kwenye beseni usiku kucha, utakisikia kinatoa mapovu kwa sauti ndogo, yakikoma kimeshiba. Cha zamani kisugue na brashi ngumu na siki, anika juani.

Sa hivi kibarazani nina okidi saba, tano plastiki, mbili udongo kwa ajili ya masika, zile mbili nilipewa na mama na vigae vyake vikiwa bado vimegandana na mizizi. Kile cha kauri cha mwanzo kipo, hakijawahi kutobolewa. Kinashika vibanio vya nguo.